KUFUPISHA NI KUTATHMINI: UHAKIKI WA MATUMIZI YA VYANZO VYA MTANDAONI KATIKA TASNIFU ZA KISWAHILI

1.0 Utangulizi

Miongozo ya uandishi wa tasnifu kwa kawaida humtaka mwanafunzi afanye mambo mawili anapotumia chanzo cha mtandaoni. Kwanza, atathmini chanzo hicho ili abaini kama kinaaminika; pili, afupishe maudhui yake katika sura ya mapitio. Makala haya yanahakiki mgawanyo huo. Hoja inayotetewa ni kwamba kufupisha na kutathmini ni tendo moja. Anayefupisha ndiye anayeamua maneno yapi ya chanzo yabaki na yapi yaachwe, na aghalabu yanayoachwa ndiyo yaliyokuwa yakiweka mipaka ya dai. Hoja hiyo inapimwa kwa mifano miwili iliyozoeleka katika taaluma ya Kiswahili: ukongwe wa maandishi na idadi ya wasemaji.

2.0 Neno linalopotea katika ufupisho

Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani, hutajwa kuwa miongoni mwa matini za kifasihi za Kiswahili za kale zaidi zenye tarehe, yaani mwaka 1728. Dai hilo lina mipaka mitatu: linahusu fasihi, linahusu matini zenye tarehe, na linasema "miongoni mwa". Likifupishwa bila uangalifu, hugeuka kuwa: "Utendi wa Tambuka ndiyo maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili." Sentensi hii ni fupi na inanukulika kwa urahisi, lakini si sahihi. Zipo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka za kihistoria ya Goa, India.

Tofauti ya miaka 17 inaweza kuonekana ndogo. Hata hivyo, athari yake katika hoja ni kubwa. Mtafiti anayeanza na utendi huo peke yake atachukulia kwamba Kiswahili kiliandikwa kwanza kwa ajili ya ushairi. Anayezijua barua za Kilwa atalazimika kukiri kwamba lugha hiyo ilikuwa tayari ikiandikwa kwa shughuli za mawasiliano na siasa. Kwa hiyo, kosa hapa halikutokana na chanzo kibaya. Chanzo kilikuwa sahihi. Ufupisho ndio uliokipotosha.

3.0 Idadi ya wasemaji na mipaka ya orodha ya vigezo

Mfano wa pili unahusu usuli wa tatizo, sehemu ambayo idadi ya wasemaji wa Kiswahili hutajwa ili kuonesha umuhimu wa utafiti. Idadi inayotajwa sana ni zaidi ya milioni 200, ambayo imo katika taarifa za UNESCO kuhusu Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na shirika hilo mwaka 2021. Kwa upande mwingine, orodha za Ethnologue za miaka ya karibuni zimetaja idadi iliyo chini ya milioni 100.

Vigezo vinavyotumika sana kutathmini vyanzo vinatokana na orodha iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Chico, na kuelezwa na Sarah Blakeslee mwaka 2004. Orodha hiyo ina vigezo vitano: upya wa taarifa, uhusiano wake na mada, mamlaka ya mwandishi, usahihi na dhamira. Ubora wake ni kwamba humpa mwanafunzi anayeanza maswali ya kuuliza. Hata hivyo, UNESCO na Ethnologue zote zingefaulu kwa urahisi katika upya, uhusiano na mamlaka, ilhali idadi moja ni zaidi ya maradufu ya nyingine. Orodha inauliza kama taarifa ni sahihi, lakini haimwelekezi mwanafunzi namna ya kujua.

Hesabu rahisi inasaidia zaidi. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na ya Kenya ya mwaka 2019 watu 47,564,296. Jumla yao ni takribani milioni 109. Hata kama kila mtu katika nchi hizo mbili, wakiwamo watoto wachanga, angehesabiwa kuwa msemaji, wangehitajika wengine takribani milioni 91 kutoka Kongo, Uganda, Burundi, Rwanda na kwingineko. Hesabu hii haithibitishi kwamba idadi ya UNESCO ni potofu. Inachobainisha ni kwamba ukubwa wa idadi unategemea maana ya neno "msemaji": ni mwenye Kiswahili kama lugha ya kwanza, ni anayekimudu kama lugha ya pili, au ni yeyote anayeelewa maongezi ya sokoni? Ufupisho unaoitaja idadi bila maana hiyo haujafupisha chochote. Umenakili tarakimu tu.

Suala hili si la kinadharia pekee. Tasnifu inayotetea Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari haisaidiwi na idadi ya watu wanaoweza kusalimiana. Inahitaji takwimu za wanaoweza kusoma na kuandika kwa lugha hiyo, swali ambalo sensa za Tanzania huuliza. Hoja nzuri inaweza kuangushwa na takwimu isiyoihusu.

4.0 Usomaji wa pembeni na tatizo la kunakiliana

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika utafiti wao wa mwaka 2017, waliwalinganisha watu 45: wanahistoria 10, wahakiki wa taarifa 10 wa vyombo vya habari na wanafunzi 25 wa shahada ya kwanza. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya tovuti na kuvutwa na nembo na mwonekano wake. Wahakiki waliondoka upesi na kwenda kutafuta wengine wanasema nini kuhusu tovuti hiyo. Huo ndio unaoitwa hapa usomaji wa pembeni.

Mbinu hiyo ni bora kuliko orodha ya vigezo, lakini katika mada za Kiswahili ina upungufu mmoja. Kurasa ni chache, na nyingi zimenakiliana. Mwanafunzi anayekuta idadi ileile katika kurasa kumi anaweza kudhani amepata mashahidi kumi, kumbe ni shahidi mmoja aliyerudiwa mara kumi. Kwa hiyo, usomaji wa pembeni hauna budi kukamilishwa kwa kufuatilia asili: nani alihesabu, alihesabu nini, lini, na kwa njia gani. Pale ambapo asili haipatikani, ufupisho unapaswa kusema hivyo waziwazi.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu umebaini kwamba uaminifu wa chanzo hautoshi kuufanya ufupisho uaminike. Ufupisho unaofaa hubeba dai pamoja na mipaka yake, na kwa kufanya hivyo huwa tayari ni tathmini. Jukumu hilo linawahusu pia watahini. Tasnifu inayowekwa katika hifadhi huria ya chuo kikuu huwa yenyewe chanzo cha mtandaoni, tena chenye mamlaka ya waliyoipitisha. Dai lililopoteza mipaka yake katika sura ya kwanza litanukuliwa na mwanafunzi wa mwaka unaofuata, naye hatakuwa na sababu ya kulitilia shaka. Mtahini anayeuliza "nani alihesabu?" pembeni mwa ukurasa mmoja humkinga na kosa hilo hata mtafiti ambaye hatakutana naye kamwe.