Enyasa na Kibwagizo: Tahakiki ya Mlo wa Sahani Saba Koboko

Hoteli ninayoipenda kuliko zote iko Koboko, kando ya barabara iendayo mpakani Oraba. Jina lake silitaji kwa sababu nina jambo la kuilaumu. Tangu mwaka jana, mgeni akiagiza chakula cha kienyeji huletewa sahani saba, moja baada ya nyingine, kila moja na tonge mbili tatu tu. Wazo hilo lililetwa na kijana wa mwenye hoteli, ambaye alikuwa ametazama filamu ya mwaka 2011, Jiro Dreams of Sushi, inayomhusu mzee wa Tokyo anayempa mteja vipande vyake kimoja kimoja kwa mpangilio anaouamua mwenyewe. Wajapani huita omakase, yaani nakuachia wewe mpishi.

Kwanza nampa haki yake. Hapa Arua, hoteli nyingi zenye vitambaa mezani humpa mgeni chipsi na kuku, na ukiulizia enyasa mhudumu hucheka. Kijana huyu ameiweka mbele, tena bila kuomba radhi. Pia mpishi wake ni fundi. Sahani ya pili ni angara, samaki mkavu wa Ziwa Albert, katika mchuzi mzito wa ufuta. Shombo limepunguzwa lakini halikufutwa. Chumvi ya samaki inatangulia, mafuta ya ufuta yanaituliza, halafu unabaki uchungu mdogo wa mbegu zilizokaangwa. (Mwenzangu mmoja darasani hudai Kiswahili hakina maneno ya kuhakiki chakula. Ugwadu, ukakasi, chapwa, shombo, vumba: ameyasahau yote?)

Kasoro iko kwenye mpangilio. Angara huja bila kitu cha kuchovya. Enyasa yenyewe huja ya nne, peke yake, imefinyangwa kama yai na kupambwa kwa jani. Ni unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au wimbi, una uchachu kidogo na ladha tulivu, kwa kuwa kazi yake ni kubeba ladha za wengine. Sisi wanafunzi wa ushairi tunajua kibwagizo: ubeti unakwenda mbali, kibwagizo kinaurudisha nyumbani, na kila kinaporudi kina maana mpya kidogo kwa sababu ya ubeti uliopita. Mlo wetu umejengwa hivyo. Tonge la enyasa na angara, tonge la enyasa na osubi, unarudi tena kwa angara. Hoteli hii imechukua kibwagizo, ikakiandika mara moja katikati ya shairi na kukiita ubeti wa nne.

Kwa Wajapani mpangilio wa sahani nyingi una asili yake. Kaiseki ilikua pamoja na sherehe ya chai ambayo Sen no Rikyū aliipa sura katika karne ya 16. Ilikuwa mlo mdogo wa wali, supu na vitoweo vichache, wa kuliandaa tumbo kabla ya chai nzito. Baadaye mikahawa ikaurefusha. Hata hapo kila sahani ilitungwa ijitosheleze. Angara haikutungwa hivyo.

Kilichostahili kuigwa ni majira, na ndicho kilichoachwa. Mpishi wa kaiseki hutaka mlaji ajue ni mwezi gani kwa kuonja tu. Mwezi wa pili, wakati ardhi ya Koboko imepasuka, mimi nililetewa osubi mbichi, majani ya kunde yaliyomwagiliwa maji bustanini. Yalikuwa laini na ya kijani, kwa sababu yalipikwa kwa maji ya majivu yaliyochujwa, lakini yalikuwa chapwa. Majani yaliyokaushwa, ambayo ndiyo chakula cha kiangazi nyumbani kwetu, yana ladha nzito inayokaribia ya nyama. Yalikuwapo jikoni. Nilimuuliza mama mpishi kwa nini hakuyapika, akasema, "Mwanangu, hayo meusi. Wageni wanapiga picha."

UNESCO iliingiza washoku, chakula cha Wajapani, katika orodha yake ya urithi mwaka 2013. Mwaka 2017 ikaingiza nsima ya Malawi, ndugu wa enyasa, pamoja na desturi ya kuila kwa pamoja. Ningependa kijana wetu asome habari ya pili kabla ya kutazama tena filamu yake.

Maana nyuma ya hoteli hiyohiyo, chini ya mwembe, madereva wa malori ya Sudan Kusini hula kutoka sufuria zilezile. Wanaletewa sinia moja, enyasa inayofuka mvuke katikati, mboga pembeni. Nimekula pande zote mbili wiki moja. Nyuma ni nafuu mara nne, na angara ni ileile, ila pale inaeleweka. Anayekwenda afike saa saba mchana kabla enyasa haijapoa, anawe mikono, na akiona majani meusi aombe hayo.