Fani ya Chemko katika Nyimbo za Les Wanyika

Tumezoea kuhakiki wimbo wa dansi kwa kunakili maneno yake na kuyachambua kama shairi. Kwa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978, maudhui hupatikana hivyo, lakini fani hupotea. Katika "Sina Makosa" msemaji anajitetea. Sauti inaponyamaza, magitaa huuchukua utetezi huo. Nyimbo nyingi za zama hizo ziligawanywa pande mbili za sahani, chemko likiangukia upande wa pili. Yes, bendi ya roki ya Uingereza, ilipojaza upande mzima wa santuri kwa "Close to the Edge" mwaka 1972, ilisifiwa kwa ubunifu; urefu wetu uliitwa dansi tu. Wanafunzi wangu hapa Maseno, waliolelewa na benga, hulitambua chemko kabla sijalieleza. Mwongozo wa kusahihisha mtihani hauna alama ya kuwapa.