Watu Milioni Moja wa Kibera Walilala Wapi?

Umeshasikia kwamba Kibera ina watu milioni moja, sivyo? Kwa miaka mingi magazeti na mashirika ya misaada yalirudia namba hiyo. Kisha ikaja sensa ya Kenya ya 2009: watu 170,070.

Hebu chukua kalamu. Kibera ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.5 hivi, yaani mita za mraba milioni mbili na nusu. Gawa kwa milioni moja: kila mtu anabaki na eneo la godoro la futi nne kwa sita na ziada kidogo. Na hapo hujatoa vichochoro, mitaro, vibanda wala makanisa, na nyumba nyingi si za ghorofa. Hesabu ya shule ya msingi tu, jamani!

Sensa nayo si msahafu. Inahesabu waliolala pale usiku mmoja, na ukisogeza mpaka wa mtaa, jibu linabadilika. Lakini halibadiliki mara sita.

Kinachoniudhi ni ule utetezi kwamba namba kubwa inawasaidia maskini kwa kuvuta wafadhili. Inawasaidiaje? Ukiamini ni milioni, vyoo na maji ya bomba vinaonekana ndoto, na serikali imepata kisingizio cha bure. Laki moja na elfu sabini ni mji wa kawaida, unapangiwa bajeti. Hata chanjo: wachanje watoto wote wa Kibera, kisha gawa kwa idadi iliyovimba, na ripoti itasema umewafikia wachache.