Kitambaa Kimoja, Nyuso Tano

Katika nyumba nyingi za Loitokitok na kwingineko Kajiado, kitambaa cha kunawia uso hakina mwenyewe. Kinaning'inia msumarini nyuma ya mlango. Asubuhi mama humpangusa nacho kitinda mimba, kisha anayemfuatia, kisha yule anayekimbilia shule. Kisipoonekana, pindo la shuka au leso hufanya kazi hiyo. Watoto wanatoka nadhifu, na tongotongo la mmoja limeshafika kwenye jicho la mwingine.

Ugonjwa unaonufaika zaidi hapo ni trakoma, yaani vikope, na Kajiado ni miongoni mwa kaunti za Kenya zilizosumbuliwa nao miaka mingi. Bakteria wake hubebwa na vidole, nzi na vitambaa. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ukope hupata makovu na kujikunja kwa ndani, kope zikawa zinakwaruza kioo cha jicho, na upofu unamjia ukubwani. Wanawake ndio huumia zaidi, maana ndio wanaoshinda na watoto. Dawa ya azithromycin huua bakteria waliomo mwilini. Kitambaa cha kesho asubuhi hakikumeza dawa.

Ukiuliza kwa nini uso hauoshwi vizuri, utaambiwa maji hayatoshi. Hoja hiyo ilipimwa Kongwa, mkoani Dodoma, Tanzania. Wazazi walikuwa wakidhani uso wa mtoto unahitaji maji mengi kuliko yanayohitajika kweli. Mtafiti Sheila West na wenzake wakachukua vijiji 6, vyote vikapewa tiba ya macho, na 3 kati yake vikaongezewa kampeni ya kuosha uso. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995, yalionyesha kwamba trakoma kali ilipungua kwenye vijiji vya kampeni. Kwangu mimi hilo linatosha kusema kwamba mtoto mwenye tongotongo hahitaji kitambaa kabisa. Mwoshe kwa kiganja na maji yanayochirizika kutoka kwenye mtungi mdogo uliotobolewa, uso ukauke wenyewe.

Anayetaka kitambaa awe na chake. Ushanga wa rangi ya kila mtoto ukishonwa pindoni humaliza ubishi. Kikunjwe mara mbili, jicho moja lipate upande mmoja na la pili upande mwingine, ukipangusa kutoka puani kwenda nje.

Kisha kitambaa kianikwe juani. Nguvu ya jua dhidi ya vijidudu ina ushahidi wake hapa Kajiado. Mtafiti Ronan Conroy na wenzake waliwapa watoto 206 wa Kimaasai, wenye umri wa miaka 5 hadi 16, chupa za plastiki za maji ya kunywa. Nusu waliziweka juu ya paa, nusu ndani ya nyumba. Katika wiki 12, waliotumia chupa za juani waliharisha mara chache kuliko wenzao. Habari hiyo ilitoka Lancet mwaka 1996. Maji yale yalipitisha mwanga, ilhali kitambaa kinene huuzuia. Ndiyo maana kipande chepesi cha pamba, kilichoanikwa wazi pande zote, nakipenda kuliko taulo nene la mitumba ambalo jioni bado lina unyevu katikati. Siku za ukungu wa Kilimanjaro, kichemshe tu.

Mjini Kitengela, shida ni nyingine. Kwenye fleti, kitambaa hukaushiwa bafuni ambako jua halifiki, na maji ya visima huwa ya chumvi. Sabuni haitoi povu, watu wanaongeza, masalia yanagandia kwenye nyuzi, kitambaa kinakuwa kigumu na kunuka. Punguza sabuni, suuza mara mbili, na ukiweza tumia maji ya mvua kusuuza mara ya mwisho.

Kitambaa cha jikoni ndicho kichafu kuliko vyote, kwa sababu kinalala na maji na mabaki ya chakula. Wengi hukitumbukiza kwenye Jik, ile dawa ya klorini, kikiwa na mafuta yake, na klorini huishia kwenye uchafu kabla ya kuwafikia bakteria. Fua kwanza, loweka baadaye.