Msafiri Anayerudi Pwani: Juu ya Kitabu cha Tippu Tip

Kuko kitabu kimoja cha Kiswahili kinachotuhusu sisi watu wa Kongo kuliko vingine vingi, nacho ndicho tunachokisoma kidogo kuliko vyote. Ni «Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip». Mwenye kitabu ni yeye yule mfanya biashara wa Unguja ambaye wazee wetu wa Kasongo, wa Nyangwe na wa Kisangani walimjua kwa bunduki zake. Aliandika habari zake kwa herufi za Kiarabu, na Mdachi mmoja, Heinrich Brode, akazigeuza kwa herufi za Kizungu na kuzichapisha pamoja na tafsiri ya Kidachi mwaka 1902 na 1903, katika jarida la seminari ya lugha za Mashariki ya Berlin. (Mwanafunzi asikosee: seminari ile haikuwa ya mapadri, ilikuwa ya kufundisha lugha kwa watu wa serikali na wa biashara.) Miaka ya 1958 na 1959 Mwingereza Whiteley alikichapisha tena, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Na mwaka 1974 Padri François Bontinck wa Scheut, mwalimu wa historia katika inchi yetu, alitoa tafsiri ya Kifaransa huko Brussels, yenye maelezo mengi. Basi hatuwezi kusema kwamba kitabu hakipatikani. Hatukisomi kwa sababu nyingine.

Sababu tunaijua. Wengine husema: ni kitabu cha mnyang'anyi, tukisomee nini? Wengine husema kinyume: ni baba wa Kiswahili chetu, tumheshimu. Wote wawili wanahukumu mtu, na kitabu wanakiacha kimefungwa. Sisi tunataka kukifungua, na zaidi ya yote kutazama fasi moja ambayo wasomaji huipita mbio, nayo ni mwisho wake. Maana mwisho wa kitabu hiki ni wa ajabu. Mtu aliyezunguka karibu maisha yake yote anarudi pwani kukaa, na mara moja kalamu inakauka.

Mbele ya kufika huko, tuseme kwanza uzuri wa kitabu, kwani upo. Tippu Tip hapambi maneno. Tukasafiri, tukafika, wakatuambia, tukakataa, tukapigana: sentensi zinakwenda kama mguu wa mpagazi asiyetaka kuchelewa kambini. Hapotezi wakati kusifu milima wala mito. Watu anawasemesha wenyewe, na pengine neno moja la sultani mzee ao la Mwarabu mwenye wivu latuonyesha mtu mzima mbele ya macho. Anajua kuchekesha. Anajua kukoma kwa wakati. Vijana wetu wanaoandika insha za kurasa kumi juu ya machweo ya jua wangefaidika kumsoma mwezi mmoja.

Lakini mwendo huo wa mbio una kazi nyingine pia, nayo yatupasa kuiona. Anayekwenda mbio haoni anayekanyagwa. Mfano ni habari ya wapagazi wa Uzaramo. Walimtoroka, akawarudia katika vijiji vyao, akawakamata watu 800, akawafunga na kuwapeleka. Wao wakampa jina la Kingugwa, yaani chui. Hayo yote yamesemwa upesi sana, kama mtu anayesimulia ginsi alivyonunua kamba sokoni. Na msomaji, tuseme kweli, anacheka kidogo mbele ya kushituka. Nyuma ya hayo yaja vita ya Itabwa, mwaka 1867, pamoja na sultani Samu, ambaye wengine wanamwita Nsama. Tippu Tip alipigwa mishale, lakini bunduki zilishinda, na hesabu ya mapato inafuata: frasila 1,950 za pembe, frasila 700 za shaba. Frasila moja ni karibu kilo 16, basi pembe peke yake zilipita tani 30. Pembe zimepimwa zote. Watu walioanguka, na waliofungwa kuzibeba zile tani 30 mpaka pwani, hawakupimwa vile. Waarabu wanatajwa kwa jina lao, na la baba, na la ukoo. Wapagazi ni hesabu tu.

Fasi iliyo tajiri kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ile ya Utetela. Yaanguka katika safari yake ya tatu, iliyoanza mwaka 1870 na kumzuia bara karibu miaka kumi na miwili. Njiani alisikia kwamba zamani sana dada wa sultani Kasongo Rushie alichukuliwa vitani akapotea. Akaipokea habari ile, akaiweka mfukoni kama feza. Alipofika kwa mzee yule, akajitoa kuwa mjukuu wa mwanamke aliyepotea: damu yenu imerudi nyumbani. Mzee akafurahi, akampa utawala wa inchi pamoja na pembe zake. Na Tippu Tip haoni haya kutuambia kwamba alibuni yote.

Tumesoma sura ile mara nyingi, na kila mara tunaona jambo jipya. Mara ya kwanza ni ujanja wa sungura, twacheka. Mara ya pili twamtazama yule mzee. Alimngojea ndugu yake kwa miaka mingi kupita kiasi, hata akakubali kumwona katika uso wa mgeni mwenye bunduki. Kwetu sisi undugu ndio mlango wa kila nyumba. Mtu asiye na baba mdogo wala mjomba katika muji hana pa kulala. Tippu Tip alijua hayo kabisa. Aliingia kwa mlango ule ule ambao ndugu huingilia, na kwa mlango ule akatoa pembe. Hakuna mwandishi wa Kizungu wa zamani zile, wala Livingstone, wala Cameron, wala Stanley, aliyejua inchi yetu kutoka ndani namna hii. Hii ndiyo samani ya kitabu, na ndiyo aibu yake pia.

Sasa tuje kwenye kurudi. Wengi wanazani Tippu Tip alirudi pwani kwa sababu alichoka ao alishiba. Kitabu chenyewe chaonyesha jambo lingine, katika kurasa ambazo sisi tunaziona bora kuliko vita vyote. Mwaka 1886 alishuka Unguja kumwona bwana wake, Sultani Barghash, akitumaini kupata nguvu za kushika Manyema kwa jina lake. Barghash alimpokea kama mtu aliyeshindwa. Akamwambia kwa maneno machache kwamba bara hana haja nayo tena, kwani Wazungu wanataka kumnyang'anya hata Unguja yenyewe; yeye atashikaje bara? Tippu Tip anaandika kwamba aliposikia hayo alijua mambo yamekwisha. Hakuna kilio, hakuna maelezo. Mwandishi mdogo angejaza hapa kurasa tatu za huzuni.

Na kinachofuata ni kama mzaha wa historia. Mwezi wa Februari 1887 alipatana na Stanley kuwa wali wa Stanley Falls, yaani Kisangani, kwa niaba ya mfalme Leopold, mshahara paundi 30 kwa mwezi. Akapanda meli Madura pale Unguja, akazunguka Afrika yote ya kusini kwa njia ya Cape, akaingia kwa mlango wa mto Kongo, akaupanda mto mpaka kwenye maporomoko. Mtu aliyezoea kufika Manyema kwa miguu, miezi na miezi kutoka mashariki, sasa alifika kwa mashua ya moshi kutoka magharibi, akiwa karani wa watu watakaowafukuza wenzake.

Mwaka 1890 aliacha Kisangani. Ugonjwa ukamchelewesha njiani, hata akafika Unguja mwaka 1891. Barghash alikuwa amekufa tangu 1888, na aliyefuata amekufa pia. Sultani alikuwa Ali bin Said, na tangu 1890 Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Stanley alikuwa amemshitaki. Hapo kitabu kinasema habari ya njia, ya deni na ya mashitaka, kiisha kinafungwa. Tippu Tip aliishi Unguja miaka kumi na minne tena, mpaka alipokufa mwaka 1905. Juu ya kukaa kule, karibu hakuna neno. Kutoka kwa wengine twajua kwamba alikuwa na nyumba kubwa mjini, inayosimama hata leo, na mashamba. Inasemekana mashamba saba na watumwa wapata elfu kumi, mpaka sheria ya Unguja ilipoondoa haki ya kumiliki watumwa mwaka 1897. Aliamka namna gani asubuhi ya kwanza isiyokuwa na safari? Alikaa barzani na nani? Hatusemi kwamba alikuwa na lazima ya kutueleza. Tunasema kwamba ukimya huu ni sehemu ya kitabu, na msomaji mwema anausoma pamoja na maandishi.

Kwa maoni yetu maana yake ni hii: kwa Tippu Tip, pwani ndiyo fasi ambamo mambo hayatokei. Bara ndiko hadisi ziliko, pwani ndiko zinakosimuliwa. Pembe zinakwenda pwani, na hadisi kazalika. Sisi tuliobaki bara tukawa ndani ya hadisi tu, bila kuwa mwenye kusimulia wala mwenye kusikia. Maana aliporudi yeye, mambo ya huku hayakwisha. Mwanawe Sefu alibaki Kasongo, akaingia katika vita na watu wa Leopold, akauawa mwaka 1893. Ngongo Lutete, aliyeinuka chini yake na kumtumikia kwa silaha, aligeukia upande wa Wazungu, nao wakampiga risasi mwaka ule ule. Na mwaka 1895 askari wa Luluabourg waliasi, wengi wao wakiwa watu waliotoka kwake. Mwenye safari alikuwa anakaa kando ya bahari, akiandika.

Tena hakuwa yeye peke yake aliyemaliza safari ndefu pwani. Watu wangapi wa Manyema walifika kule, vichwa vyao vikibeba pembe zile zile! Wajukuu wao wako mpaka leo: Ujiji, Tabora, na hata Dar es Salaam, ambako kuko msikiti unaoitwa wa Manyema. Wao pia walikaa kando ya bahari, kwani hawakuwa na njia ya kurudi. Husemwa kwamba jina la Bagamoyo latoka katika kubwaga moyo. Wengine huelewa kwamba mpagazi alifika akatua mzigo akapumzika; wengine, kwamba mtumwa aliuacha moyo wake pale mbele ya kuvushwa bahari. Wenye elimu wanabishana juu ya jina, na huenda maana zote mbili zimetungwa nyuma. Lakini mji uliobeba maana mbili namna ile watueleza kitabu cha Tippu Tip kuliko maelezo mengi: kufika ni kule kule, na watu wawili waliofika pamoja hawakufika fasi moja.

Kuko jibu moja tunalolisikia mara kwa mara: nyuma ya Tippu Tip alikuja Bula Matari na kazi ya mpira, mikono ikakatwa, basi Mwarabu alikuwa afazali. Hatukubali hesabu ya namna hiyo. Ubaya wa pili hauoshi ule wa kwanza. Tena wawili hawa hawakuwa mbali kama inavyozaniwa, kwani mmoja alipokea mshahara wa mwingine.

Kuhusu lugha, hapa ndipo wanafunzi wetu wanashangaa. Wamezoea kusikia kwamba Kiswahili chetu cha Kongo ni kibovu na cha pwani ni safi. Wafungue kitabu hiki. Watakuta mtu wa Unguja aliyekaa miaka na miaka kati ya Wanyamwezi na Wamanyema, asiyeogopa kutumia maneno ya huko. Kiswahili kilipanda bara pamoja na misafara yake na ya wenzake, kikabaki mikononi mwa waliobaki, Waungwana na watu wa vijiji, nao wakakigeuza chao. Yeye alirudi, lugha haikurudi. Kwa hiyo tunakataa neno la «baba wa Kiswahili chetu». Baba hulea.

Je, kisomwe katika shule zetu? Ndiyo, na katika Kiswahili chake mwenyewe, wala si katika Kifaransa peke yake, ingawa maelezo ya Padri Bontinck hayana badili. Lakini kisisomwe kitupu. Tunataka mtu achapishe chapa moja kwa ajili ya wasomaji wa Kongo, yenye ramani inayoonyesha Lualaba na Lomami, na majina ya miji kama yanavyotamkwa leo, maana katika chapa za sasa mtoto wa Kasongo hupita muji wa babu yake bila kuutambua. Na kando ya sura ya Utetela, yawekwe masimulizi ya wazee wa Utetela wenyewe juu ya mgeni yule aliyejiita mjukuu wao. Kazi hiyo yataka mtu mwenye miguu na daftari, aanze sasa.