Pongezi kwa Wapiga Picha wa Usiku

Mwaka 1873 Chuma na Susi, watumishi wa mvumbuzi Livingstone, walipitisha mwili wake Tabora, wakielekea pwani. Mwaka uliofuata, huko London, daktari aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma. Eksirei ilikuwa bado. Röntgen aliigundua 1895. Ili mfupa uonekane, ilibidi mwenyewe awe maiti.

Leo, kwenye njia ile ya misafara iliyopita Tabora, simba ni bodaboda. Majeruhi wa Sikonge au Urambo akifikishwa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora, ndugu humshukuru daktari na muuguzi. Mpiga picha za eksirei na ultrasaundi hakumbukwi. Mimi namsifu huyo.

Itazame ultrasaundi ya dharura. Jeli ya baridi inapakwa, kifaa kinagandamizwa ubavuni kulia, na ini na figo vinatokea kwenye skrini vikiwa vimegusana. Ukijitokeza mstari mweusi kati ya viungo hivyo, kwa aliyeumia mara nyingi hiyo ni damu. Ni dakika chache tu, bila mionzi, bila kumtoa mgonjwa kitandani. Daktari wa upasuaji anaamshwa. Picha isiyo na mstari nayo haimalizi ubishi, maana damu kidogo hujificha. Mtaalamu makini hurudia kupima.

Eksirei nayo ina adabu yake: mfupa hupigwa pande mbili, kwani ufa usioonekana kwa mbele huweza kujitokeza kwa ubavu.

Hongereni sana. Nanyi ndugu wa mgonjwa, mkiombwa kutoka chumba cha eksirei, tokeni bila kununa.