Star Wars Tatu, na Riwaya Yangu Moja

Mjomba wangu aishiye Marekani alipokuja likizo alituletea mimi na binamu yangu vitabu vitatu vizito, vyote vina jina moja juu: Star Wars. Alivinunua kwa mkupuo akidhani ni cha kwanza, cha pili na cha tatu, kama vitabu vya Hisabati. Nasi tukadhani hivyo hivyo. Jumamosi ya kwanza tukakaa sebuleni kwa bibi, Magomeni, tukaumba mhusika kwa kitabu kimoja, tukamtafutia silaha katika cha pili, tukarusha dadu za cha tatu. Vurugu mechi! Saa nne usiku binamu akafunika vitabu akasema, "Bwana wee, hii ni michezo mitatu, siyo mmoja."

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe: hakuna ubao wala mshindi. Kila mtu anashika mhusika mmoja na kumsemea, na mmoja wenu anasimulia mambo yanayowakuta. Pale ambapo hakuna ajuaye kama jambo litafaulu, mnarusha dadu. Mwisho wa usiku mnakuwa mmetunga hadithi kwa mdomo, kama walivyotunga mabibi zetu, tofauti ni kwamba huku msikilizaji anaruhusiwa kumkatalia msimulizi.

Sasa, shuleni tulifundishwa kwamba kazi ya fasihi ina fani na maudhui. Vitabu hivi vitatu vina maudhui yale yale: dola katili, waasi wachache, anga pana, Jedi na upanga wake wa mwanga. Kilichobadilika ni fani, yaani kanuni. Mimi nilidhani fani ni nguo tu, ukivua ukivaa mtu ni yule yule. Vitabu hivi vimenikatalia.

Wa kwanza ulitolewa mwaka 1987 na kampuni ya West End Games, mtunzi wake Greg Costikyan. (Nakala yetu ni ile iliyochapishwa upya mwaka 2018.) Unatumia dadu za kawaida tu, zile za ludo. Mhusika unamchagua kwenye orodha ya watu walio tayari: msafirisha magendo, rubani mbishi, mtoto mtundu, hata Jedi aliyeshindwa. Huyo Jedi aliyeshindwa nilimpenda siku hiyo hiyo. Mchezo mwingine gani unakukaribisha kwa kukupa mtu ambaye amekwisha haribikiwa?

Lakini utamu wake uko penye kitu waitacho pointi za Nguvu. Ukiitumia moja, dadu zako zinakuwa maradufu kwa muda ule. Ukiitumia kwa ushujaa, wakati wa hatari hasa, hadithi ikiisha unarudishiwa na nyingine juu yake. Ukiitumia kwa faida yako mwenyewe, imekwenda. Ukiitumia kwa uovu, unapewa alama ya upande wa giza, na unarusha dadu moja: ikitoka namba ndogo kuliko idadi ya alama ulizonazo, mhusika si wako tena. Anachukuliwa na msimulizi, unabaki umeshika penseli. Ilimpata binamu. Alimwua mfungwa ambaye angeweza kumwacha, akarusha, ikatoka moja, na alama alikuwa nazo mbili. Hakusema neno mpaka chai. Angalia hapo, msomaji: kanuni haikuuliza umefanya nini tu, imeuliza kwa nini.

Tena kitabu hiki kina historia itakayowafurahisha ninyi mnaoandika. Wale viumbe wa ajabu wanaopita nyuma ya sinema ile ya 1977, wengi hawakuwa na majina. Yupo aliyeuzwa madukani kama mwanasesere kwa jina la Hammerhead, yaani kichwa nyundo, basi. Watu wa West End ndio waliokaa wakatunga kwamba huyu ni Mithoria, yule Mrodia, na kwao ni wapi. Timothy Zahn alipopewa kazi ya kuandika riwaya ya Heir to the Empire, iliyotoka 1991, alipelekewa vitabu vya mchezo huu avitumie kama marejeo. Mchezo wa dadu ukailisha riwaya! Na kuna walimu wetu wanaosema kucheza ni kupoteza muda.

Mwaka 1998 West End ilifilisika, na mwaka 2000 jina likaibukia kwa kampuni nyingine, Wizards of the Coast. Hapa dadu kuu ni moja yenye pande ishirini, na mhusika ana kazi yake na ngazi zake, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini. Unashinda, unapata pointi za uzoefu, unapanda. Unakuwa mgumu kufa, unaongezewa uwezo, unapanda tena. Nisieleweke vibaya, umejengwa vizuri, na alama za upande wa giza nao unazo. Binamu anaupenda kuliko yote kwa sababu, kwa maneno yake, "unajua mshahara wako wa mwezi ujao." Ni kweli. Lakini mezani kwetu hadithi iligeuka kuwa orodha ya kupandishwa cheo. Tulipomwokoa mateka mmoja, swali la kwanza lililotoka lilikuwa, "Pointi ngapi?" Mateka mwenyewe hata jina hatukumpa.

Hapo ndipo moyo ulinishtuka, kwa sababu niliijua hadithi hiyo. Ilikuwa ya kwangu.

Nina muswada wa riwaya, kurasa 212. Mhariri mmoja alinirudishia akisema kwamba jina lake tayari ni la kitabu cha mtu mwingine, nilibadilishe. Miezi minne, wallahi, nikatafuta jina. Nilijaza daftari zima kwa majina. Sikugusa sentensi hata moja ya ndani. Kumbe jina halikuwa ugonjwa. Shujaa wangu anatoka Tandika na begi moja, sura ya tatu ana kibanda Kariakoo, ya saba ana duka, ya kumi na moja ana maduka mawili na mchumba. Anapanda ngazi tu, mchizi. Hana anayemdai, hana anayemnyima usingizi. Ningemwita jina lolote angebaki yule yule.

Wa tatu ulitolewa na Fantasy Flight Games mwaka 2013, na chini ya jina kuu una jina dogo, Edge of the Empire. Dadu zake hazina namba bali alama, kiasi kwamba unaweza kufanikiwa na papo hapo ukaletewa balaa, au ukashindwa lakini ukaokota kheri. Umefungua mlango, sawa, ila kengele imelia. Kila urushaji unamlazimu msimulizi kutunga. Kuna usiku inachosha. Mara ya kumi kutafuta balaa jipya kwa ajili ya mlango, unatamani namba tu uende ukalale.

Lakini kila mhusika anaanza akiwa na deni. Si lazima liwe la fedha: laweza kuwa familia, ahadi, mtu anayemwinda. Unaruhusiwa hata kuliongeza ili upate vifaa vizuri zaidi. Kila mnapokaa kucheza, msimulizi anarusha dadu kuona kama deni la mmoja wenu linaamka leo. Likiamka, uwezo wa mwenye deni kuhimili msongo unapungua kwa 2. Na wa wenzake wote mezani, ambao hawakukopa chochote, unapungua kwa 1.

Hiyo moja ndiyo iliyoniuma. Pesa za kuchapisha ule muswada nilikopa kwa dada yangu. Nikienda kwake Jumapili, shemeji hasemi kitu, ila anaongea na dada kwa sauti ya chini jikoni, na watoto wanaambiwa wapunguze kelele, na mimi nakula haraka niondoke. Mkopaji ni mmoja, lakini nyumba nzima inapungua kwa 1. Nimeishi ndani ya kanuni ile mwaka mzima, na katika kurasa 212 sikuandika hata mstari wake mmoja.

Binamu anasema nimeonea mchezo wa 2000, kwamba tuliucheza vibaya, na msimulizi hodari angempa yule mateka jina. Huenda. Msimulizi usiku ule nilikuwa mimi.

Jina la riwaya bado sina. Sura ya kwanza nimeiandika upya: kijana wa Tandika anashuka kwenye daladala Kariakoo asubuhi na begi lake, na kibandani anakotaka kuanzia kazi anamkuta dada yake ameshafika, amekaa juu ya ndoo, anamsubiri.